Adhabu ya Kuchelewesha Kazi: Tunapima Elimu au Tunapima Saa?

Katika vyuo vikuu na katika vyuo vya ualimu kuna sheria moja ambayo mwanachuo huifahamu kabla hata hajajua maktaba iko wapi. Ni sheria ya tarehe ya mwisho ya kukusanya kazi. Insha, zoezi au ripoti isipomfikia mkufunzi siku iliyotajwa, hukatwa alama. Ikizidi kuchelewa hukatwa zaidi, na baada ya siku kadhaa hupewa sifuri, hata kama ndani yake mna kazi njema kuliko zote darasani. Kwa kuwa sheria hii ni ya siku nyingi na hutumika mahali pengi, tumezoea kuiona kuwa ni jambo lisilohitaji kufikiriwa. Makala haya yanakusudia kuifikiria.

Sisemi kwamba wakati hauna thamani. Mwalimu ni mtu wa kengele na ratiba; akichelewa dakika kumi, watoto arobaini au zaidi wamepotezewa dakika kumi kila mmoja. Ninalosema ni kwamba adhabu ya kuchelewa, jinsi inavyotolewa mahali pengi, huchanganya mambo mawili katika tarakimu moja, na uzito wake humwangukia zaidi aliye dhaifu na aliye mbali. Adhabu hiyo inaweza kufanywa ya haki bila kuondolewa. Nawe, mwalimu mtarajiwa, jambo hili linakuhusu mara mbili: leo unaadhibiwa kwa sheria hii, na kesho utakuwa na kalamu nyekundu mkononi mwako mwenyewe.

Alama ni taarifa ya nini?

Tuanze na msingi. Alama ni taarifa fupi ya kile anachokijua mwanafunzi na anachoweza kukitenda. Mwanachuo akiandikiwa 70 katika kazi ya kuandaa somo la kusoma kwa darasa la kwanza, mwalimu mkuu atakayempokea ana haki ya kuamini kwamba kijana huyu anajua kuandaa somo hilo. Akiandikiwa 30, ana haki ya kuamini kwamba hajui. Lakini kama 30 ile ilikuwa 60 iliyokatwa alama 10 kwa kila siku kwa muda wa siku tatu, basi taarifa ile si ya kweli. Haisemi kwamba kijana anajua ila huchelewa. Inasema kwamba hajui. Kasoro ya mwenendo imeandikwa kama kasoro ya elimu, na anayesoma matokeo hana njia ya kuzitenganisha.

Nchini kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, ilikosoa shule zilizogeuka kuwa matayarisho ya mtihani tu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaendelea kutoka hapo na kutaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi, bali kazi zake za mwaka mzima zihesabiwe pia. Hadi leo kazi hizo ni sehemu ya matokeo; katika vyuo vikuu vyetu vingi hubeba alama 40 hivi kati ya 100. Nia ilikuwa njema: kumwokoa mwanafunzi na siku moja mbaya, siku ya homa au ya msiba, ambayo ingeweza kufuta juhudi za miaka. Sheria kali ya kuchelewa huirudisha siku hiyo moja mbaya kwa jina jingine. Zamani mwanafunzi aliumwa siku ya mtihani. Sasa huumwa siku ya kukusanya kazi. Jina limebadilika, maumivu ni yaleyale.

Mizani ya frasila

Sisi tulio Tabora tunao mfano wa karibu wa kutusaidia kufikiri. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo wapagazi walipita Ugogo wakafika Unyanyembe. Kutoka hapa njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walijulikana kwa kazi ya upagazi hadi reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikauchukua mzigo begani mwao.

Muda wa safari hiyo haukuwa mmoja. Burton na Speke walipokuja mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani hadi hapa. Stanley, mwaka 1871, alitumia siku 84. Njia ilikuwa karibu ileile. Tofauti ya siku 50 ilitokana na mvua, maradhi, mabishano ya hongo kwa watawala wa njiani, na wapagazi waliotoroka. Hakuna aliyeshangaa msafara mmoja ukitangulia na mwingine ukichelewa.

Sasa fikiria pembe ya ndovu iliyobebwa kurudi pwani. Pembe iliuzwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16. Msafara ungeweza kufika wiki tatu baada ya siku iliyotarajiwa. Bei ingeweza kuwa imepanda au kushuka. Mwenye mali angeweza kumkemea mnyapara, hata kugombana naye juu ya ujira. Lakini pembe ya frasila mbili ikiwekwa kwenye mizani, mizani ilisema frasila mbili. Uzito ni jambo moja na siku ya kufika ni jambo jingine. Mfanyabiashara ambaye angeandika frasila moja na nusu kwa sababu tu mzigo umechelewa, daftari lake lisingeaminiwa tena na mtu yeyote.

Daftari la alama ni daftari kama hilo. Anayelichanganya na hasira ya kungojeshwa ameharibu mizani.

Hatuikumbuki njia ile ili kuisifu. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na katika misafara hiyo aliyebaki nyuma hakuulizwa sababu: alipigwa, aliachwa porini au aliuawa. Nalitaja hili kwa kuwa swali la kumtendea vipi anayebaki nyuma ni la zamani katika nchi hii, nalo halijawahi kuwa dogo.

Hesabu ya adhabu yenyewe

Tuichunguze sheria yenyewe kwa hesabu. Katika vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza, kazi iliyochelewa hukatwa alama 5 au 10 kwa siku. Vingine huishusha hadi alama ya kufaulu tu. Na baada ya siku kadhaa kazi haipokelewi kabisa. Taratibu za namna hii hazina ugeni kwetu. Tuchukue ile ya alama 10 kwa siku, na alama ya kufaulu iwe 40. Kisha tufikirie wanachuo watatu.

Wa kwanza ameandika kazi ya alama 78, akachelewa siku mbili. Anabaki na 58, amefaulu. Wa pili ameandika kazi ya alama 52, naye akachelewa siku mbili. Anabaki na 32, ameshindwa. Wa tatu ameandika kazi ya alama 45, akaikusanya kwa wakati. Amefaulu.

Tazama yaliyotokea. Wa kwanza na wa pili wametenda kosa moja, lakini mmoja amepoteza robo ya kazi yake na mwingine zaidi ya theluthi. Mmoja anaendelea na mwingine anarudia. Aidha, wa pili anajua zaidi ya wa tatu, lakini daftari linasema kinyume chake. Adhabu inayoonekana kuwa sawa kwa wote, kumbe humchapa zaidi mnyonge.

Kuna kasoro ya pili. Sheria nyingi huhesabu siku nzima-nzima. Anayechelewa dakika kumi hukatwa sawa na anayechelewa saa ishirini na tatu. Siku hizi vyuo vikuu vingi hupokea kazi kwa mtandao, na mlango hufungwa saa sita kasoro dakika moja usiku. Mwanachuo aliyekosa mlango huo kwa dakika kumi hana sababu tena ya kuharakisha. Amekwisha kukatwa alama 10. Afadhali alale, akusanye kesho jioni. Sheria iliyowekwa kumfundisha kuwahi imemfundisha kuchelewa zaidi. Na akifika siku ya sifuri, huacha kazi kabisa, kwa maana adhabu inayofuta kazi yote hufuta pia sababu ya kuifanya. Sisi tulitaka ajifunze. Amejifunza kuacha.

Kasoro ya tatu ni mbaya kuliko zote, nayo haisemwi hadharani. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho, mwanachuo aliyebanwa huwa na njia mbili. Anaweza kuikamilisha kazi yake mwenyewe, aikusanye siku moja baadaye na kukatwa. Au anaweza kuazima karatasi ya mwenzake, anakili, abadilishe maneno hapa na pale, akusanye kwa wakati na kupata alama zote. Sheria kali humwadhibu wa kwanza na kumtuza wa pili. Chuo cha ualimu kinachowafundisha walimu kunakili kina hasara kubwa kuliko chuo kinachopokea kazi siku moja baadaye.

Mzigo wa mwenzio

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mbali kila mzigo huonekana mwepesi. Hatuna budi kuuliza ni nani hasa wanaochelewa, na kwa nini.

Wapo wavivu, tusijidanganye. Lakini fikiria mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha shule ya kijijini upande wa Sikonge, Kaliua au Uyui. Mkoa wetu hupata mvua kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na barabara za udongo hugeuka tope. Mchana anafundisha. Jioni anaandika andalio la somo la kesho, anatengeneza zana, anajaza shajara. Ripoti yake inatakiwa chuoni Ijumaa. Gari likikwama, ripoti imekwama. Akitaka kuituma kwa simu, mtandao uko juu ya kichuguu fulani nje ya kijiji, na simu huchajiwa dukani kwa fedha. Mwenzake aliyepangiwa shule ya mjini, karibu na chuo, huvuka barabara tu. Wote wawili wameandikiwa tarehe moja. Tunapowakata alama kwa kuchelewa, tunapima bidii yao au tunapima barabara?

Mfikirie pia mwanachuo mwenye mtoto mchanga, na yule ambaye ada yake inategemea tumbaku ya wazazi iliyokawia kulipwa. Mfikirie mtumishi anayesoma huku akifanya kazi, kama walivyo wengi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi ili kumfuata msomaji mahali alipo. Hawa hawaombi huruma ya kupewa alama wasizostahili. Wanaomba alama walizozifanyia kazi.

Historia ya kazi yetu wenyewe ina funzo hapa. Taifa lilipoamua kwamba kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, vyuo havikutosha. Kuanzia 1976 vijana zaidi ya 40,000 waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa vijijini: nusu ya siku wakifundisha, nusu wakijifunza, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, wakitembelewa na waratibu. Watu wamewacheka sana walimu wale wa UPE, na kweli mafunzo yao yalikuwa na upungufu. Lakini mpango ule ulikubali jambo moja ambalo sisi tumelisahau: mwanafunzi aliye mbali hawezi kupimwa kwa saa ya aliye karibu. Karatasi iliyosafiri kwa posta kutoka kijiji cha mbali ilifika ilipofika. Msahihishaji ambaye angekata alama kwa kila siku ya safari angekuwa anaisahihisha posta.

Hoja za wanaoitetea sheria

Wenzangu wanaoitetea sheria kali wana hoja tatu, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba anayechelewa hujipatia muda ambao wenzake hawakuupata. Ni kweli. Aliyekusanya Ijumaa asidhulumiwe kwa ajili ya aliyekusanya Jumatatu. Lakini dhuluma hiyo ina ukubwa wake. Siku mbili za ziada haziwezi kuigeuza kazi ya alama 32 kuwa ya alama 52. Adhabu na ilingane na faida iliyopatikana, isizidi hapo.

Hoja ya pili ni ya nidhamu. Husemwa kwamba tukilegeza vyuoni tutapeleka shuleni walimu wa kuchelewa, na kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nami nakubali kwamba nidhamu ya wakati lazima ifundishwe. Nauliza tu kama kukata alama ni kuifundisha. Mwanachuo anayechelewa mara kwa mara anahitaji kuitwa, kuulizwa anavyogawa siku yake, na kuonyeshwa jinsi ya kuipanga. Tukimkata alama kimyakimya tumekwepa kazi hiyo ya ualimu. Zaidi ya hayo, kama tunataka mwalimu mkuu ajue kwamba kijana huyu huchelewa, na tumwandikie hivyo waziwazi. Alama iliyopunguzwa haimwambii.

Hoja ya tatu ni ya mkufunzi mwenyewe. Ana karatasi mia na zaidi. Zikija kidogo kidogo hawezi kumaliza kusahihisha. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa kuwa ni ya kweli na husemwa kwa nadra. Lakini ina upande wa pili. Kama wakati ni mkataba, basi una pande mbili. Zipo kazi zinazokusanywa kwa tarehe kali, kisha hukaa kabatini hadi muhula unakwisha, na mwanachuo huingia kwenye mtihani bila kujua alikosea wapi. Hakuna anayekatwa chochote kwa kuchelewa huko. Mwanachuo huliona hilo, na funzo analolipata ni kwamba wakati ni sheria ya wadogo.

Mapendekezo

Kukosoa ni rahisi. Yafaa sasa tuseme la kufanya. Napendekeza mambo sita, na yote yanawezekana bila fedha ya ziada.

Kwanza, ratiba ya kazi zote za muhula ipangwe pamoja na kutangazwa wiki ya kwanza. Kirangozi mzuri alipanga kambi kwa kuangalia maji yako wapi. Palipokuwa na nchi kavu, msafara ulifanya terekeza: ulianza safari mchana, ukalala bila maji, ukayafikia siku ya pili. Lakini jambo hilo lilijulikana mapema, na watu walijaza vibuyu. Idara nne zikipanga tarehe nne za mwisho katika wiki moja ya mazoezi ya kufundisha, bila moja kujua ya nyingine, zimewapeleka watu terekeza bila kuwaambia wachukue maji.

Pili, kila mwanachuo apewe akiba ya siku. Tuseme siku tatu kwa muhula. Azitumie apendavyo, zote kwa kazi moja au moja moja kwa kazi tatu, bila barua na bila maelezo. Akiba hii ina faida mbili. Mwanachuo aliyefiwa au anayeumwa hatalazimika kuhangaikia cheti cha hospitali siku hiyohiyo. Na kila mmoja atajifunza kuweka akiba ya wakati kama anavyoweka akiba ya fedha. Aliyezimaliza kwa uvivu katika mwezi wa kwanza atajua mwenyewe amefanya nini.

Tatu, akiba ikiisha, adhabu iwe ndogo, yenye kikomo, na ihesabiwe kwa asilimia ya alama alizozipata mwanachuo. Iwe asilimia 2 kwa siku, na isizidi asilimia 10. Kwa kipimo hicho, yule wa 78 aliyechelewa siku mbili hupata 75, na yule wa 52 hupata 50. Wote wameadhibiwa kwa uwiano mmoja. Tena kazi iliyofikia kiwango cha kufaulu isishushwe chini ya kiwango hicho kwa sababu ya kuchelewa peke yake. Mwenye 42 aliyechelewa siku tano angebaki na 38, aandikiwe 40.

Nne, karatasi iandikwe mambo mawili: alama ya kazi na siku za kuchelewa. "Kazi: 52. Siku: 2. Alama ya mwisho: 50." Mwanachuo ataona kilichotokana na elimu yake na kilichotokana na saa yake. Mwishoni mwa mwaka safu ya siku isomwe peke yake, na anayechelewa daima aitwe na mshauri wake.

Tano, pawe na siku ya kufunga, nayo iwe siku mkufunzi anaporudisha kazi zilizosahihishwa. Baada ya majibu kujadiliwa darasani, kazi ileile haiwezi kupokelewa tena kwa haki. Hata hapo, aliyechelewa apewe swali jingine la kiwango kilekile badala ya sifuri. Na mkufunzi naye atangaze tarehe yake ya kurudisha kazi, aishike. Wiki tatu zinatosha kwa kazi nyingi.

Sita, pawe na mtu wa kusikiliza malalamiko ambaye si mkufunzi aliyekata alama. Hakimu asiwe mlalamikaji. Mkuu wa idara, au mkufunzi mwingine pamoja na mwakilishi wa wanachuo, wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa nusu saa kila mwezi.

Atakayesema kwamba utaratibu huu unahitaji daftari lingine, nitamwambia kwamba safu mbili za ziada zinatosha.

Darasani kwako kesho

Hadi hapa nimezungumzia vyuo. Lakini neno langu la mwisho ni juu ya shule ya msingi, ambako ndiko unakokwenda.

Utafundisha darasa la nne katika kijiji fulani. Jumanne asubuhi utaomba madaftari ya kazi ya nyumbani, na watoto tisa hawatakuwa nayo. Kwa mazoea, mkono wako utataka kuwapa sifuri, au utafikiri juu ya fimbo. Kabla hujafanya lolote, waulize mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Utasikia kwamba mmoja alikuwa shambani hadi giza kwa kuwa ni wakati wa kuchuma tumbaku. Mwingine hana taa. Wa tatu daftari lake limejaa na jipya halijanunuliwa. Wa nne alibeba mdogo wake mgongoni hadi usiku. Wa tano alikuwa akicheza. Sifuri tano zinazofanana zingekuficha mambo matano yasiyofanana, na mwalimu aliyefichwa mambo hawezi kufundisha.

Kwa mtoto wa shule ya msingi mimi nashauri usikate alama kabisa kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka kumi si mwenye siku yake. Siku yake inapangwa na watu wazima. Mpe nafasi ya kuifanya kazi hiyo palepale shuleni, wakati wa mapumziko au kabla ya kwenda nyumbani, kisha isahihishe kama ilivyo. Aliyekuwa akicheza atajifunza kwamba kazi haikimbiliki. Aliyekosa taa atajifunza kwamba mwalimu wake ana macho. Ukiona watoto wengi wanashindwa wiki ileile, jiulize kama umepanga kazi nyingi katika msimu wa shamba, kisha ubadilishe azimio la kazi lako. Ukiona mtoto mmoja anashindwa kila wiki, nenda kwao.

Najua hofu iliyopo. Tunaogopa kwamba tukiwa wapole tutadharauliwa. Lakini watoto huona upesi sana tofauti kati ya mwalimu mlegevu na mwalimu wa haki. Mlegevu haulizi kazi iko wapi. Wa haki huiuliza kila siku, hungoja jibu, na hakubali isifanyike. Sifuri ni njia fupi ya kuacha kuuliza.

Mwezi ujao wengi wenu mnakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Chora safu ya ziada katika daftari lako la alama, uiandike "Siku". Jaza safu ya alama kwa yale aliyoyajua mtoto, na safu ya siku kwa yale yaliyompata. Mtakaporudi chuoni tuzisome safu hizo pamoja, tena katika kurasa hizi. Wakufunzi wenzangu wasiokubaliana nami nawakaribisha waandike. Nitafurahi kujibiwa, hata jibu likichelewa.